Barua ya jamaa isitupwe pamoja na barua taka

Redio ya jamii inayoendesha yenyewe seva ya barua pepe juu ya Linux haikosi swali hili: programu gani ichuje barua taka? Mafundi wengi huuliza kwanza ni ipi inayokamata nyingi. Swali hilo linafaa benki, si redio ya Kivu.

Mama aliyekimbia Masisi hadi kambi ya Nakivale, Uganda, huenda akaazima simu ya jirani, akafungua anwani mpya ya bure na kuandika mistari miwili: anatafuta mtoto wake, jina litangazwe. Kwa kichujio, barua hiyo inafanana na ya tapeli: mtumaji hajulikani, maneno machache, pengine herufi kubwa tupu. Ikifutwa kimya kimya, mama hataambiwa. Atadhani redio imempuuza.

Programu za bure zinazotajwa sana ni mbili. SpamAssassin, iliyoanza mwaka 2001, hutoa alama kwa kila dalili. Zikifika 5, barua inapigwa muhuri wa taka. Yenyewe haifuti kitu. Anayefuta ni fundi aliyeipanga hivyo, na wapo wanaopanga hivyo ili kupunguza usumbufu. Rspamd ni nyepesi na ya haraka zaidi, lakini isipobadilishwa mipangilio, barua yenye alama 15 inakataliwa mlangoni. Mtumaji hurudishiwa taarifa, ni kweli, ila mara nyingi kwa Kiingereza, na simu ilikwisha rudi kwa mwenyewe.

Kwa redio yenye kompyuta moja kuukuu na umeme wa jenereta, Rspamd ndiyo chaguo bora, mradi kukataa kuzimwe na kila barua yenye mashaka iwekwe kwenye sanduku la pembeni. ClamAV, ile ya kutafuta virusi, hula zaidi ya gigabaiti 1 ya kumbukumbu; kwenye mashine dogo itaangusha kila kitu, afadhali kuzuia tu viambatisho vya programu.

Jambo kubwa ni mafunzo. Programu zote mbili hujifunza kutokana na barua za mahali, lakini sehemu hiyo haianzi kazi kabla ya kuonyeshwa barua nzuri 200 na mbaya 200. Kazi hiyo hupewa fundi wa mbali, naye hawezi kutofautisha komunike ya msiba iliyochanganya Kiswahili, Kifaransa na Kihunde na ulaghai wa mtandaoni. Apewe mtangazaji anayesoma komunike, maana ndiye anayezijua sauti za watu hao. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha maikrofoni, afungue sanduku la pembeni. Dakika kumi zinatosha, na stesheni isiyoweza kuzipata isiweke kichujio kabisa: ivumilie taka.