Watuambie Wanataka Mafundi Gani

Kila kampuni inayokuja Kusini inakuja na kauli ileile: vijana wenu hawana ujuzi tunaoutaka. Ukienda chuoni unapewa kauli ya pili: vijana tunawafundisha, waajiri ndio hawawachukui. Katikati ya kauli hizo wamebaki watoto wetu wa Mtwara na Lindi. Wana vyeti vya umeme, ufundi bomba na uchomeleaji, na wanaendesha bodaboda za watu kwa hesabu ya kila siku. Sisi wazazi wao, mafundi wa mitaani, wauza vipuri na mama lishe wanaowakopesha chakula, tumechoka na kauli zote mbili. Wanaozitoa wanafahamiana na wanakutana kwenye warsha kila mwaka. Kwa nini hawakai chini wakaulizana?

Ahadi zenyewe ni za siku nyingi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, lakini matumaini makubwa yalikuja baada ya 2010, gesi nyingi ilipopatikana kwenye kina kirefu cha bahari. Tukaambiwa kazi zinakuja, tuwaandae vijana. Wazazi wakachukua fedha za korosho wakawapeleka watoto chuoni. Na tuseme haki, kuna waliojitahidi. Kampuni ya gesi ya BG iliungana na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, pamoja na shirika la kujitolea la VSO katika chuo cha VETA Mtwara. Walimu wakaongezewa maarifa, na vijana wakafundishwa Kiingereza cha kazini na taratibu za usalama zinazotakiwa kwenye mitambo ya gesi. Mpango ule tunausifu mpaka leo, kwa sababu mwajiri aliingia karakanani akasema anachokitaka wakati kijana bado anajifunza.

Kilichofuata kila mtu wa Kusini anakijua. Kuanzia katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani ilianguka. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa Oktoba 2015, na waliokuwa na vibarua vya ujenzi wakarudi nyumbani. BG ikanunuliwa na Shell mwaka 2016, shughuli za utafutaji baharini zikapoa. Mradi mkubwa wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika, ule wa Likong'o huko Lindi, makubaliano yake ya awali yalisainiwa Juni 2022, na ujenzi wenyewe tumeendelea kuusubiri. Kijana aliyehitimu uchomeleaji mwaka 2014 akiwa na miaka 20 sasa ameshavuka 30, ana watoto, na hajashika mashine ya kuchomea kwa muda mrefu. Uchomeleaji ni kazi ya mkono, na mkono usipofanya kazi unasahau.

Kwa bei ya mafuta hatuwezi kumlaumu mtu. Tunacholaumu ni kwamba mikoa miwili iliandaa vijana wake kwa kumtazama mwajiri wa aina moja, na hakuna aliyepewa jukumu la kuuliza: gesi ikichelewa, hawa watakwenda wapi? Wakati uleule kiwanda cha saruji cha Dangote kilikuwa kinajengwa hapahapa Mtwara. Bandari nayo ikaja kupanuliwa. Kuna visima vya maji vijijini ambavyo pampu zake zikiharibika zinakaa miezi bila fundi. Kuna majokofu ya samaki, mabasi ya Dar es Salaam, matrekta, mashine za kubangua korosho. Mchomeleaji na fundi umeme wanahitajika kote huko. Lakini hapakuwa na meza moja ambapo chuo, kiwanda, bandari na halmashauri wanakaa na kuhesabu: mwaka ujao tunahitaji mafundi wangapi, wa fani gani, kwa kiwango gani.

Wengine walituona wakorofi Mei 2013, mji wa Mtwara ulipoingia kwenye vurugu kwa sababu ya bomba lile la gesi na watu wakapoteza maisha. Vurugu hatuzitetei. Ila swali lililokuwa nyuma yake halijajibiwa: mali ikitoka hapa, kazi ya ufundi ya kuiendesha inabaki kwa nani?

Tukija kwenye fedha, tunaambiwa hakuna. Hilo ndilo linalotukera kuliko yote, kwa sababu fedha za mafunzo ya ufundi zinakatwa kila mwezi kwa mujibu wa sheria. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara yote anayolipa. Zamani ilikuwa asilimia 6, ikashushwa kidogo kidogo baada ya waajiri kulalamika kwamba inawaumiza. Na kwa miaka mingi mgawanyo wake umekuwa theluthi moja kwa VETA, theluthi mbili Hazina, ambako zimesaidia mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Hao wa vyuo vikuu nao ni watoto wetu, hatuwaonei wivu. Lakini mwajiri akisikia analipa tozo ya ujuzi anaamini amemaliza wajibu wake, na mkuu wa karakana akiomba mashine mpya anaambiwa asubiri bajeti. Wote wawili wanasema kweli, na kijana anabaki anajifunzia mashine ya tangu zamani ambayo hakuna kiwanda kinachoitumia tena.

Ada yenyewe ya VETA si mzigo usiobebeka: imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa, 120,000 kwa wa bweni. Mzigo uko kwenye mambo ambayo hayaandikwi kwenye fomu. Chumba cha kupanga kwa anayekosa bweni. Nauli ya kutoka Newala au Nanyumbu. Ovaroli, buti, vifaa. Halafu unafika wakati wa fildi, majuma ambayo mwanafunzi anatakiwa kukaa kwenye kampuni akajifunze kazi yenyewe. Hapo ndipo mnajua kama kuna ushirikiano au hakuna. Mwanafunzi anapewa barua ya chuo, anazunguka nayo mwenyewe kutoka geti hadi geti. Mwenye mjomba ndani anapokelewa. Asiye na mtu anaishia kufagia stoo, au anaambiwa nafasi zimejaa. Wasichana waliosomea umeme wanapelekwa mapokezi kupokea wageni. Mwishoni fomu inagongwa muhuri kwamba amefanya mafunzo kwa vitendo, na mwaka unaofuata kampuni ileile inatangaza nafasi inayotaka uzoefu wa miaka mitatu. Huo uzoefu apewe na nani, ikiwa kila mmoja anasubiri mwenzake aanze?

Lakini lalamiko letu kubwa ni jingine, na halisemwi kwenye warsha kwa sababu wenye kulisema hawaalikwi.

Mtwara na Lindi hazina viwanda vikubwa vingi. Ukivihesabu unamaliza haraka. Wafanyabiashara wa Kusini walio wengi ni gereji ya watu watatu chini ya mwembe, karakana ya seremala pembeni ya barabara, fundi wa kuchomelea mageti Chikongola, fundi majokofu wa Mikindani anayetembea na begi la vifaa. Hawa hawafikishi wafanyakazi 10, hawamo kwenye tozo, hawamo kwenye orodha ya wadau. Wanaitwa gereji bubu. Ila mtoto aliyeshindwa kidato cha nne na kukosa ada anakwenda kwao. Anaanza kama saidia fundi, anaosha vipuri, anashika taa, anatumwa spana, na baada ya miaka michache anashusha injini mwenyewe. Tukihesabu kwa haki, hizo gereji zimetoa mafundi wengi kuliko majengo yetu yote yenye vibao.

Mapungufu yao tunayaona. Kijana anakaa miaka minne bila hata shilingi ya uhakika, na hakuna karatasi inayosema atafundishwa nini wala ataachiliwa lini. Usalama ni mdogo. Macho yanaungua kwa kuchomelea bila miwani ya kazi, vidole vinakatika. Gari la kisasa lenye mfumo wa kompyuta likija, fundi wa miaka 20 anarudi nyuma, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kulipima. Fundi huyo angefaidika na chuo, na chuo kingefaidika na fundi huyo. Siku mbili chuoni, siku nne gereji, kwa mkataba ulioandikwa, na mwalimu anayetembelea gereji kuona kijana anafanya nini. Serikali yenyewe inayo mafunzo ya uanagenzi, na inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti cha VETA. Ni mambo mema. Tunachoomba ni yafike Tandahimba na Liwale, yasiishie kwenye miji mikubwa, na huyo fundi anayewafundisha wengine atambuliwe kama mwalimu, alipwe chochote, akopeshwe vifaa.

Wajerumani wanafanya hivyo tangu zamani, na sheria yao ya mafunzo ya kazi ni ya mwaka 1969. Kwao kijana anaanza kwa kusaini mkataba na mwajiri, analipwa posho, na chuo anakwenda siku moja au mbili kwa wiki. Lakini hatuhitaji kwenda Ulaya kuliona hilo. Ndanda iko hapa, wilayani Masasi. Tangu wamisionari Wabenediktini walipoanzisha kituo chao mwaka 1906, karakana na shule zimekaa pamoja, na wazee wengi wa Kusini wanaojua kupiga randa, kufyatua tofali na kufunga bomba walizipata kazi zao kwenye karakana iliyokuwa inatengeneza vitu vya kutumika kweli. Aliyefundwa kwa kutengeneza dirisha litakalofungwa hospitalini hawezi kulitengeneza ovyo.

Korosho nayo tuiseme. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilijengwa viwanda vya kubangua, vingi vikafa, vingine vikageuka maghala. Sababu zilikuwa nyingi: mashine zisizofaa, uzalishaji ulioporomoka, uendeshaji mbaya. Sasa tunaambiwa tena korosho zote zibanguliwe nchini. Vizuri sana. Je, kuna chuo gani katika mikoa hii kinachofundisha kijana kuifunga, kuiendesha na kuitengeneza mashine ya kubangua? Kila msimu mashine inaharibika na fundi anaitwa kutoka mbali, wakati mwingine nje ya nchi, wafanyakazi wanakaa chini wakimsubiri, nao wanalipwa kwa kilo. Vyama vya ushirika vina fedha za msimu, wabanguaji wana mashine, chuo kina vijana. Hao watatu wangeweza kuanza mwaka huu bila kungoja mfadhili yeyote.

Tunaambiwa kanuni zipo. Kanuni za mwaka 2017 za ushiriki wa Watanzania kwenye mafuta na gesi zinazitaka kampuni zitoe kipaumbele kwa Watanzania na ziwafundishe. Tunazishukuru. Ila Mtanzania anaweza kutoka popote, na anayetoka karibu na vyuo vyenye mashine nzuri atatangulia siku zote. Hatutaki kazi itolewe kwa kuangalia kabila la mtu au alikozaliwa. Tunataka chuo cha Lindi kiwe na mashine ileile iliyopo kwingine, halafu mtoto wetu ashindane.

Na sasa shule za sekondari zimeletewa mkondo wa amali, yaani masomo ya ufundi, kufuatana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, huku vyuo vya VETA vikijengwa katika wilaya 64. Hofu yetu ni kwamba majengo yatakamilika, ufundi utaandikwa kwenye ratiba, na mwanafunzi atachora spana ubaoni. Mwalimu mmoja wa amali hawezi kufundisha umeme, useremala na kilimo kwa pamoja. Ila mtaani kwake wapo mafundi wa fani hizo zote, na mkuu wa shule aruhusiwe kuwaita wakafundisha alasiri mbili kwa wiki na kulipwa.

Basi tunawaomba wakuu wa mikoa ya Mtwara na Lindi mwitishe ile meza ya kuhesabu mafundi, na safari hii wenye gereji wakae mbele. Kampuni zinazojiandaa kwa mradi wa Likong'o, semeni sasa mnataka mafundi wangapi, wa fani gani, wa kiwango gani, mwaka gani. Andikeni, mbandike kwenye mbao za matangazo za vyuo na za kata, na msaini mikataba na vijana kabla hawajaanza kozi. Kumfundisha mchomeleaji hadi aaminiwe kwenye bomba la gesi ni kazi ya miaka. Mkingoja mpaka meli ya vifaa itie nanga, mtatuambia tena kwamba vijana wetu hawana ujuzi, na safari hiyo lawama itakuwa yenu.