Figo za aliyepooza zipimwe kwa kipimo kinachomfaa

Mtu aliyepooza miguu akitoka Ndithini, Kaunti ya Machakos, kwenda kutibiwa katika hospitali ya Masinga au ya Machakos Level 5 akiwa na maambukizi makali ya njia ya mkojo, mojawapo ya dawa anazoweza kuandikiwa ni sindano ya jentamaisini. Ni dawa ya bei nafuu na yenye nguvu, lakini hutolewa mwilini na figo, na ikirundikana huziumiza figo hizo pamoja na sikio la ndani. Figo mara nyingi hupata nafuu. Usikivu ukishapotea, kwa kawaida haurudi. Ndiyo maana kreatinini hupimwa kwenye damu kabla ya kupanga dozi. Kwa aliyepooza, kipimo hicho peke yake hakitoshi, na hospitali zetu zinaweza kufanya vizuri zaidi bila kungoja mashine mpya.

Kreatinini ni taka itokayo kwenye misuli. Figo zikichoka, hujaa kwenye damu. Lakini misuli isiyotumika hunyauka, na penye misuli michache kreatinini huwa kidogo hata figo zikiwa taabani. Kanuni ya Cockcroft na Gault, ambayo bado hutumika kupangia dozi, ilichapishwa mwaka 1976 kutokana na vipimo vya wanaume 249, na inachukulia kwamba misuli inalingana na umri na uzito. Mchukue mwanamume wa miaka 40, mwenye kilo 60 na kreatinini ya mikromoli 40 kwa lita. Kanuni itasema figo zake husafisha karibu mililita 185 za damu kwa dakika, ilhali kijana mwenye afya husafisha takriban 120. Atakayeamini jibu hilo ataongeza dozi pale inapopaswa kupunguzwa. Tena, kreatinini yake ikipanda ghafla kutoka 40 hadi 60, hiyo ni nusu zaidi ya kiwango chake, dalili tosha ya figo kuumia. Hata hivyo karatasi ya maabara itaandika kwamba hali ni ya kawaida.

Wapo watakaosema kipimo cha sistatini C, ambacho hakitegemei sana misuli na ambacho mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2024 unakihimiza pamoja na kreatinini, ni ghali na hakipatikani mashinani. Ni kweli. Lakini ipo njia ya zamani: kukusanya mkojo wa saa 24, kupima kreatinini yake, na kuilinganisha na ya damu. Hapo uchache wa misuli haupotoshi jibu, kwa kuwa hupunguza pande zote mbili za hesabu. Kwa kawaida kazi hii huwashinda wagonjwa, lakini wengi waliopooza tayari wana mpira na mfuko wa mkojo. Kinachohitajika ni chombo, saa na muuguzi aliyeelekezwa.

Wengine watahofia kwamba kusubiri kutamuua mgonjwa ambaye maambukizi yameshaingia kwenye damu, au kwamba dozi ndogo italea vijidudu sugu. Hofu zote mbili ni za haki, na jibu lake ni moja: dozi ya kwanza itolewe mara moja na iwe kamili, kwa sababu hutegemea zaidi ukubwa wa mwili. Figo huamua dozi zinazofuata na muda kati yake, na wakati huo ndio wa kupima, kurudia kreatinini na kuepuka kuichanganya na dawa ya maumivu ya diklofenaki, ambayo nayo huweza kuumiza figo.

Kaunti ya Machakos inaweza kuanza na agizo moja: kila aliyeumia uti wa mgongo aandikiwe kwenye kitabu chake cha kliniki kiwango chake cha kreatinini akiwa mzima wa afya, na kila kipimo kipya kilinganishwe na hicho. Aliyekwisha kupoteza miguu yake asinyang'anywe na masikio kwa hesabu ambayo haikutungwa kwa ajili ya mwili wake.