Usimlaumu Mbwa kwa Viroboto

Wazee walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Lakini mtoto akiumwa na viroboto usiku kucha, asubuhi hushika fimbo, akamtafuta mbwa ampige na kumfukuza. Kwa maoni yangu mtoto huyo amemwonea mbwa bure. Mbwa ameumwa kama yeye, tena kuliko yeye. Adui yao wote wawili yumo zaidi sakafuni.

Tazameni maisha ya kiroboto. Jike hunywa damu ya mnyama, kisha hutaga. Mayai yake hayashiki manyoya, bali huanguka vumbini. Hapo hutoka mabuu weupe, wasio na miguu wala macho, nao hula takataka za chini. Kila buu akiisha kukua hujifungia katika kifuko kama cha nondo. Aweza kungoja humo hata miezi, mpaka asikie kishindo cha mtu au mnyama. Ndipo hutoka na kuruka. Ndiyo sababu nyumba iliyohamwa, wenyewe wakirudi, huwapokea kwa viroboto wenye njaa. Basi, wewe mwenye fimbo, je, umewapiga hao walio vumbini?

Watu wengi wa Iringa na Mbeya wamjua pia tekenya, ambaye wengine humwita funza. Yeye naye ni namna ya kiroboto, wala asili yake si nchi hii, bali Amerika. Katika mwaka 1872 meli iliyotoka Brazili ilitia nanga Ambriz, pwani ya Angola, na tekenya wakashuka pamoja na mchanga wake. Wakafuata misafara, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamefika pwani ya mashariki. Jike hujichimbia ngozini, hasa penye vidole na kucha, akavimba kama punje ya njegere, na mayai yake huanguka chini. Nguruwe, ambao wengi hufugwa huku kwetu, huingiwa miguuni na hata katika chuchu, mpaka watoto wao hushindwa kunyonya.

Mtoto mwenye tekenya huchekwa na wenziwe. Huitwa mchafu, akaona haya, akaacha kuja shuleni. Hiyo si haki. Aliyelala juu ya vumbi lile lile na nguruwe na mbwa hakuchagua sakafu yake. Kumcheka ni sawa na kumpiga mbwa: tekenya hapungui hata mmoja.

Mtu aweza kuuliza, "Mbona wanyama wa mwitu hawafagii, nao waishi?" Ni kweli kwamba nao wana viroboto. Lakini mtazameni ngiri wa hifadhi ya Ruaha. Yeye hana shimo moja tu la kulala. Leo hulala hapa, kesho pale, na mabuu aliowaacha hukosa mgeni. Nguruwe wetu hawezi kuhama. Tumemfunga zizini, kila usiku alale juu ya vumbi la jana. Sisi tuliomfunga ndio tuliopaswa kumfagilia.

Tena kuna jambo lililo kubwa kuliko mwasho. Tauni ilitajwa Iringa tangu mwaka 1886, na wakati ule watu hawakujua huletwa na nini. Katika mwaka 1898 mganga Mfaransa, Paul-Louis Simond, alionyesha huko Karachi kwamba kiroboto huitoa kwa panya na kuileta kwa mtu. Katika nchi yetu, watu wa Lushoto waliteswa nayo kwa miaka mingi tangu 1980. Panya akifa, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo kuua panya peke yake hakutoshi, hata kwaweza kuleta hatari, ikiwa viroboto wamebaki. Na panya hufuata mahindi yetu yawekwayo ndani ya nyumba. Heri mahindi yakae katika kihenge kilichofungwa vizuri, mbali na kitanda.

Basi tufanye nini? Sakafu ya saruji ni bora, lakini si kila baba aweza kuinunua. Asiye na saruji ana udongo, maji na ufagio. Azibe nyufa, anyunyize maji, afagie kila siku, na takataka azichome. Wanyama wajengewe banda lao, na matandiko yao yabadilishwe. Bwana mifugo aulizwe dawa ya mbwa na nguruwe. Kila jioni tunawe miguu na kuitazama, na mwenye viatu avivae. Tekenya akiingia, tusimchokoe kwa mwiba wala kwa pini iliyotumiwa na wengine, maana kidonda huweza kuingiza pepopunda. Siku hizi yako mafuta yaitwayo dimetikoni, ambayo humwua ngozini bila kuchokoa. Tuulize zahanati.

"Mdharau mwiba, mguu huota tende." Kazi hii haihitaji nguvu za mtu mzima. Mtoto wa darasa la tano aweza kuianza leo jioni: aweke fimbo chini, ashike ufagio.