Si Kila Mafua ni Mafua

Hapana mwalimu asiyemjua mwanafunzi huyu: kamasi haimkauki mwaka mzima, kila asubuhi hupiga chafya mfululizo, na macho humwasha. Hapa Kinanie, kwenye nyanda za Athi zenye vumbi, si mbali na viwanda vya saruji vya Athi River, watoto kama huyo hawakosekani. Wote tunawaelezea kwa neno moja tu: wana mafua.

Neno hilo linatupotosha. Mafua halisi huletwa na virusi, na kwa kawaida huisha kwa wiki moja au mbili. Yanayodumu miezi, yakiandamana na mwasho bila homa, yamkini ni mzio. Hata hivyo wazazi wengi hukimbilia antibiotiki, dawa isiyoua virusi wala kutuliza mzio.

Katika mzio, mwili wenyewe hukosea kumtambua adui. Kingamwili ziitwazo IgE, zilizogunduliwa katika miaka ya 1960, hukaa juu ya seli za kinga zilizomo katika utando wa pua. Vumbi la nyumbani au chavua ya nyasi ikizigusa, seli hizo humwaga histamini, na papo hapo chafya huanza. Saa kadhaa baadaye interleukini ya 4, ya 5 na ya 13 huziita seli nyingine; utando huvimba na pua huziba.

Wanafunzi wetu wa vyuo hukariri majina hayo kikasuku, ilhali maana yake i wazi. Jina interleukini lilibuniwa mwaka 1979: inter ni "baina ya" kwa Kilatini, na leukos ni "nyeupe" kwa Kiyunani. Ni mjumbe apitaye baina ya seli nyeupe za damu. Mzio nalo ni neno letu la tangu zamani, kitu kinachomdhuru mtu akila au akikigusa. Kwa nini basi somo hili lisielezwe kwa Kiswahili likaeleweka?

Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini wajumbe hawa sharti wazuiwe. Dawa ya steroidi ya kupuliza puani hupunguza utengenezaji wao. Vidonge vya Piriton huizuia histamini peke yake, tena huleta usingizi. Mtoto aliyevimeza asubuhi husinzia darasani, nasi twamwita mvivu.

Walimu wenzangu, tuanze kutofautisha mafua na mzio wa pua tunapofundisha na tunapozungumza na wazazi. Mtoto ambaye pua yake haiponi apelekwe kwa mganga wa hospitali akachunguzwe, hasa akikohoa au kifua kikimbana usiku, kwani mzio wa pua na pumu mara nyingi huandamana. Aidha, kabla ya kumwadhibu anayesinzia, tumuulize kwanza amemeza dawa gani.