Mzee wodini awe na msemaji

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Mzee asiye na uwezo hutibiwa bila malipo, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Lakini dirisha halimwambii daktari kwamba bibi anameza dawa za presha na za sukari, wala kwamba kuweweseka kwake kumeanza jana, hivyo huenda si uzee bali maambukizi. Anayeyajua hayo ni ndugu, ambaye daktari akipita wodini mara nyingi hutolewa nje. Wauguzi, ambao ni wachache mno, watasema ndugu hujazana na kuvuruga kazi. Ni kweli; ndiyo maana aandikwe mmoja tu kwenye faili, abaki na aulize. Mgonjwa mwenye fahamu zake aamue mwenyewe, hata mwanawe asipopenda.