Maji ya Paa na Kiwanja cha Nyumba

Nyeri na Karatina hupata mvua misimu miwili: Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Nanyuki, iliyo upande mkavu wa Mlima Kenya, hupata kidogo zaidi. Paa la mabati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 1,000, yaani madebe 50. Pasipo mfereji wa paa wala tangi, maji hayo humomonyoa msingi wa jirani na kupeleka udongo mtoni.

Basi ajengaye chumba kimoja leo, akikusudia kuongeza cha pili kesho, na apime kwanza mahali pa tangi, kisha pa mboga na migomba itakayonywa maji ya ziada. Kiwanja kikishafunikwa chote kwa saruji, ardhi hainywi tena.