Google Akae Ukumbini, Chumbani Asiingie



Kuna maneno tunayasikia sana siku hizi: "Ukitaka simu ya faragha, achana na Google kabisa, ukiiweka tu, faragha imekwisha." Sisi tunaoshona nguo za harusi tunayapinga.

Simu zetu zina vipimo vya mabi harusi na picha zao wakijaribu gauni bila mtandio. Hizo ni amana. Lakini simu hizo hizo ndizo tunazopokelea oda na malipo. Mwambie fundi atupe programu zote, jioni utamkuta amerudi kwenye simu yake ya zamani, milango yote wazi. Nasaha isiyofuatika haimsitiri mtu.

Tazameni GrapheneOS, mfumo unaowekwa kwenye simu za Pixel. Kwenye simu nyingi za Android, huduma za Google Play huja zimo ndani ya mfumo, na madaraka ambayo programu nyengine hazina. Kwenye GrapheneOS hazimo mpaka uziweke mwenyewe, na zikiingia huwa programu kama nyengine: hazioni picha, namba za watu wala mahali ulipo mpaka uziruhusu. Programu iking'ang'ania namba zako, unaionesha ulizochagua tu. Ikitaka mafaili, vilevile. Huyo ni mgeni aliyebisha hodi akaketi ukumbini.

Watasema, "Google bado anakuona." Ndiyo, ukiingia kwa akaunti yake atajua unachopakua kwake. Na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye mfumo huo. Wala hakuna mfumo utakaoirudisha picha uliyoituma kwa mkono wako. Ila anayekuona barazani si sawa na anayekuona chumbani.

Asiye na Pixel asikae bure. Fungua mipangilio, nenda kwenye ruhusa, kagua programu moja moja. Tochi inataka namba za watu ya nini? Tangu Android 14, programu ikiomba picha unaweza kuipa ulizochagua tu.

Nawe bi harusi, kabla hujapigwa picha ya kujaribu gauni, muulize fundi: nani mwengine anaingia kwenye simu hii? Asiyeweza kukujibu, usimvulie mtandio.